Mahindi ya Usinicheke

Duka la Pembejeo, Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Septemba 2024

Kwako Bibi yangu Mwanne,

Shikamoo. Ukishaitikia hiyo ya heshima, pokea na ile yetu ya utani: hujambo, mke wangu? Mumeo mdogo ni mzima, anakula, analala, na chumba chetu cha Buguruni hakivuji tena tangu Jovin atandike turubai juu ya bati. Jovin ni yule fundi magari ninayekaa naye. Anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana. Mama alinipigia kutoka Mtwara, mguu wake umepona na mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Ungekubali kurudi kwenye simu, hayo yote ungekuwa umeyasikia jana, lakini wewe umeshaamua kwamba simu ni ya watu wasiojua kuandika. Haya, naandika, na vidole vinaniuma.

La maana ni hili. Nimetimiza miezi sita katika duka la pembejeo la Bwana Vivek, na sasa wateja wananiita mtaalamu. Usicheke. Asubuhi natoa mabomba ya kunyunyizia dawa nje, mbegu nazipanga rafuni, na ikifika saa tatu duka limejaa. Ungewaona wakulima wa mjini, Bibi! Jana alikuja mheshimiwa mmoja, viatu vinang'aa kuliko kioo cha duka. Analima tikiti Mkuranga, kila kitu kwa simu. Akaniuliza, "Hivi dogo, tikiti linazaa juu ya mti au chini?" Nikamwambia chini. Akaandika. Mwingine kaja na mahesabu aliyorushiwa kwenye kundi la WhatsApp, kwamba ekari moja ya papai itamjengea nyumba Kigamboni ndani ya miezi tisa. Nikamuuzia mbegu. Mimi ni nani hata nimwamshe mtu usingizini?

Lakini utani kando, huku ndiko nilikofahamu jinsi sisi watu wa kusini tunavyoichezea bahati. Ardhi ipo, mikono ipo, halafu tunavuna vihindi vifupi kama kidole gumba. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, Bibi, na taifa haliwezi kusimama kwa ile Usinicheke yako, mahindi yenye punje za rangi nne na kimo cha mbuzi. Jina lenyewe linajieleza. Hapa tuna mbegu chotara inaitwa Jitu. Hindi lake moja ni kuanzia kiwiko changu mpaka kwenye ngumi. Achana na Usinicheke, panda Jitu. Nakuambia kama mtaalamu, siyo kama mume.

Wako,
Idrisa

*

Nambunda, Newala.
30 Septemba 2024

Mume wangu Idrisa,

Marahaba. Na hiyo ya pili, sijambo, ila mume anayemletea mke habari za mbegu badala ya kanga ni wa kutiliwa shaka. Huku tu wazima. Mikorosho imetoa maua mengi, paka amezaa ndani ya kapu langu la makopa ya muhogo, na jirani yangu Sitara amepata mjukuu huko kwenu Dar. Anajiandaa kuja kumwona, na kijiji kizima tunamsubiri aondoke ili tupumzishe masikio.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hilo la uti wa mgongo si geni kwangu. Mwaka wa sabini na tatu, darasani kwa watu wazima, mwalimu aliliandika ubaoni nasi tukalinakili: kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Miaka hamsini sasa mgongo unaotumika ni wangu, na jioni nausikia uti wenyewe ukilalamika. Taifa halijaja kuukanda hata siku moja.

Kuhusu Usinicheke, mbegu hiyo nilipewa na mama siku niliyoolewa na babu yako. Ni fupi, kweli. Ina rangi nne, kweli. Mtu akipita shambani anacheka, ndiyo maana wazee wakaipa jina hilo. Lakini inaiva kwa siku sabini, na mwaka ule jua lilipokaa wiki nne, mahindi ya wenye mahindi marefu yakakauka yakiwa yamesimama, waliokuwa wakicheka walikuja kwangu na vikapu. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka minne. Ulikula uji wa mahindi hayo na ukaomba tena.

Sasa nijibu swali moja tu, mtaalamu. Ukivuna hilo Jitu, ukaweka punje zake ukazipanda mwaka unaofuata, huota nini?

Kuna bwana shamba mpya hapa, kijana anaitwa Ansbert, ana pikipiki na kamba ndefu. Juzi kaja kupima shamba langu. Anapima nini, sijui.

Mkeo,
Mwanne

*

Nambunda, Newala.
14 Oktoba 2024

Idrisa,

Hujanijibu, lakini siwezi kusubiri. Salamu utazidai siku nyingine, sote hatujambo.

Jana nimemkabidhi kondakta wa basi la Dar mfuko wenye jina lako. Ndani mna sado mbili za Usinicheke zilizochanganywa na majivu, wadudu dumuzi wasiziguse. Ni MBEGU. Usizipike. Usimpe mtu. Ziweke mahali pakavu, pasipo panya, mpaka nitakapozitaka. Ndizo zote nilizo nazo, sikubakiza hata punje. Kwa nini nakupa wewe ni hadithi ndefu, na kalamu hii imebakiza wino kidogo.

Barua nampa Sitara. Anaondoka leo, kesho utakuwa nayo mkononi.

Bibi yako

*

Kariakoo, Dar es Salaam.
11 Novemba 2024

Kwako Bibi yangu mpendwa, mlezi wangu, taa ya ukoo wetu,

Shikamoo Bibi. Shikamoo tena. Je, afya yako? Je, mgongo? Je, paka na wanawe? Je, mikorosho, je, jirani wote, wa juu na wa chini? Mimi ni mzima, Jovin mzima, Bwana Vivek mzima, mkewe mzima, hata bawabu wa jengo la jirani ni mzima na anakusalimu.

Barua yako ya tarehe 14 Oktoba imenifikia juzi. Sitara alishuka Lindi kwenye harusi, harusi ikazaa ugomvi, ugomvi ukazaa kikao cha ukoo, naye asingeweza kuondoka kabla hajajua mwisho wake. Kwa hiyo mfuko ulitangulia karibu wiki nne. Niliupokea mwenyewe Mbagala, haukuwa na maelezo yoyote. Haukuwa na maelezo, Bibi, naomba hilo lieleweke.

Kuhusu mbegu zenyewe, ondoa wasiwasi. Zipo mahali salama. Dumuzi hawezi kuzifikia, wala panya. Ni mahali penye giza, pana joto kidogo, lakini joto la kawaida. Nyingine anazo Jovin. Majivu tuliyaosha vizuri sana, yakatoka yote.

Uliniuliza swali la kitaalamu. Punje za Jitu hazirudiwi. Ukizipanda mwaka wa pili huota vitu vya ajabu ajabu, kimoja kirefu, kimoja kifupi, vingine havizai. Kila msimu mkulima anarudi dukani kuchukua mbegu mpya. Ndiyo kilimo cha kisasa.

Nikukumbushe jambo lingine la muhimu: vuli imefunguka, jana Msimbazi yote ilikuwa maji. Pandeni haraka, msichelewe.

Mjukuu wako mtiifu,
Idrisa

*

Nambunda, Newala.
3 Desemba 2024

Mume wangu,

Marahaba zote mbili, na ya tatu nakuwekea akiba, maana kwa barua ile naona utaihitaji. Sote wazima. Paka wawili wamechukuliwa na watu, mmoja kabaki.

Ati vuli imefunguka, tupande! Mvua ya Dar ilowanishe Dar. Huku kwetu hatuna vuli, Idrisa. Tuna mvua moja tu, nayo huja karibu na Desemba ikiwa imechoka na safari. Umezaliwa hapa, umechimba mashimo hapa na meno ya utoto ukayang'olea hapa, leo unatufundisha mvua za watu wengine. Nilimsomea Sitara, aliyerudi juzi, kipande hicho, akacheka mpaka akakaa chini.

Mvua imenyesha wiki iliyopita, nami nimepanda. Nimepanda nilichopanda.

Umeandika kwamba mliosha majivu. Mbegu haioshwi. Kuna jambo limeniingia kichwani nikalifukuza, na naomba lisirudi.

Mwanne

*

Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Januari 2025

Bibi Mwanne,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kukawia. Kazi zimekuwa nyingi, mwanzo wa mwaka kila mtu mjini anaapa kulima. Mdogo wangu amefaulu, Mama amefurahi sana, anataka kuja kwako wakati wa likizo.

Wiki iliyopita kulikuwa na kongamano la kilimo katika hoteli moja kubwa huku mjini, nikatumwa kupeleka vipeperushi vya duka. Siku mbili walizungumza kuhusu mkulima mdogo. Mkulima mdogo anawezeshwaje, mkulima mdogo anafikiwaje, mkulima mdogo anabadilishwaje fikra. Nilitazama ukumbi mzima, sikumwona mwenye kucha chafu. Mahindi pekee niliyoyaona yalikuwa ndani ya supu.

Umeniandikia "nimepanda nilichopanda." Bibi, mtu aliyepanda mtama husema mtama. Umepanda nini?

Nami nina swali dogo, la kumbukumbu za kitaalamu tu. Usinicheke ina rangi zipi hasa? Nyeupe na njano nazikumbuka. Ya tatu ni nyekundu au zambarau? Na punje zake ni pana au ni za duara? Bwana Vivek anapenda sana kujua mambo ya kienyeji.

Idrisa

*

Nambunda, Newala.
9 Februari 2025

Idrisa,

Marahaba. Mdogo wako mpe hongera, na mama yako mwambie aje, ila aje na chakula chake.

Mwenye ng'ombe zizini hamwulizi jirani rangi ya ng'ombe wake. Kama mbegu unazo, fungua mfuko utazame.

Jua limekaa siku ishirini na mbili. Kilichopo shambani kimejikunja majani, na mengine yameanza kuwa meupe kutoka chini. Usiniulize shambani mna nini. Nataka mbegu zangu. Nitumie zote, na kama zote ni shida, nitumie hata kibaba kimoja. Zikinifikia kabla ya tarehe ishirini, mawingu ya mwisho wa mwezi yakinikuta nimeshapanda, nitavuna kabla mvua haijaondoka. Zisipofika, mwaka huu tutakula mihogo na Mungu atatujalia. Lakini mwakani nitapanda nini, mume wangu? Mbegu ile haipo dukani. Haina duka. Duka lake ni mimi.

Naogopa, na sipendi kuogopa katika umri huu.

Bibi yako

*

Kariakoo, Dar es Salaam.
17 Februari 2025

Kwa Bibi Mwanne,

Shikamoo. Huku tunaendelea vizuri.

Pamoja na barua hii, pokea mfuko wa mbegu zako kama ulivyonikabidhi. Zimepungua kidogo kwa sababu ya hewa ya bahari, lakini ni zilezile. Nimezirudishia na majivu.

Nakutakia upandaji mwema.

Idrisa

*

Nambunda, Newala.
10 Machi 2025

Idrisa,

Salamu nimezipata. Mfuko pia nimeupata.

Nilizipepeta majivu, nikazimwaga kwenye ungo, nikatazama. Rangi nne umezipata, hongera. Umechukua nyeupe kwa huyu, njano kwa yule, nyekundu sijui kwa nani, ukachanganya kama mtu anayepika pilau. Lakini Usinicheke huzibeba rangi nne katika hindi moja, baba, na punje zote ni ndugu, zina umbo moja. Hizi nyingine ni pana kama jino la farasi, nyingine ni za bisi. Tatu zina dawa ya rangi ya waridi ya dukani kwenu. Nikatia moja mdomoni. Usinicheke ukiiuma inakataa kwanza. Hii ilivunjika kama biskuti.

Hizo tatu nimezitupa, mahindi yaliyobaki nimeyatwanga, nikasonga ugali. Niliula peke yangu.

Sasa ngoja nami nivue nguo zangu, ili nisikucheke ukiwa uchi peke yako. Yule Ansbert alipokuja na kamba yake alikuwa anapima shamba darasa. Alisema kijiji kimenichagua mimi kuwa mkulima wa mfano, watu waje kujifunza kwangu kupanda Jitu kwa mstari. Nilimtukana. Akarudi. Mara ya tatu alikuja na kibao cha bati, kimeandikwa kwa rangi ya kijani: SHAMBA LA MFANO LA BI. MWANNE. Idrisa, nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kusoma, na sijawahi kuona jina langu limeandikwa hadharani na mtu mwingine pasipokuwa na kosa wala msiba. Nikakubali. Sharti lake lilikuwa moja, pasiwe na mahindi mengine shambani wala ghalani, yasije yakachavushana. Nikaona aibu kukuambia, baada ya maneno yote niliyokuandikia. Ndipo nikakuletea mbegu yangu uifiche.

Nitakuwa mkweli kwa Jitu. Mistari miwili iliyo karibu na bafu, inapomwagika maji ya kuogea, imezaa kweli, na hindi lake ni mkono wa mtu mzima kama ulivyosema. Si mwongo. Ni mgeni anayekunywa maji mengi, basi, naye kaletwa kwenye nyumba isiyo na kisima. Ekari zilizobaki ni kuni. Ansbert amepita mara moja akapiga picha mistari ya bafuni, akaondoka.

Kibao kipo. Ng'ombe wa watu wanajikunia hapo.

Niandikie ukweli sasa. Zimebaki hata punje kumi? Hata tano?

Mwanne

*

Kariakoo, Dar es Salaam.
30 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo.

Tulizila. Zote. Hazijabaki hata tano.

Wiki ile mfuko ulipofika tulikuwa hatuna kitu ndani. Nilifungua nikaona mahindi, nikasema Bibi amenikumbuka. Jumapili mchana Jovin akayachemsha na maharage, akatia nazi, tukala makande na wapangaji wenzetu watatu. Jumapili ya pili tukapika tena, kwa sababu majirani waliyaulizia. Ya tatu tukamaliza. Nilikwangua sufuria mwenyewe kwa mkate. Barua yako ilipofika na ile MBEGU ya herufi kubwa, sufuria lilikuwa limeshakauka wiki nzima.

Nimejiuliza imekuwaje. Kutwa nauza mbegu. Namwambia mtu mzima nafasi ya mche na mche, nampa na onyo, usile hii, ina dawa. Ndipo nikagundua kwamba kwangu mimi mbegu ni kitu cha rangi ya waridi, kina pakiti, kina picha ya bwana anayetabasamu na tarehe ya mwisho ya kutumika. Yako haikuwa na pakiti, nikaona chakula. Mtoto wa darasa la pili pale Nambunda asingekosea hivyo. Mtaalamu alikosea.

Baada ya barua yako ya Februari nilizunguka siku sita. Nimeuliza wachuuzi wa nafaka wote Kariakoo, nikaenda soko la Buguruni, nikawauliza hata watu wa kwetu wanaouza mitumba Mchikichini, labda kuna aliyeletewa kutoka nyumbani. Mama mmoja wa Tandahimba aliposikia jina alicheka kwanza, kisha akasema hajaiona tangu bibi yake afariki. Ndipo nikanunua yale mahindi ya rangi rangi nikakudanganya. Hilo la kukudanganya linaniuma zaidi ya lile la kula.

Bwana Vivek alinikuta stoo nimekalia mifuko ya mbolea, nalia kama mjinga. Nikamweleza. Nilidhani atacheka, maana yeye hucheka kila kitu. Hakucheka. Akasema, "Idrisa, babu yangu kauza mbegu duka hili, baba kauza, mimi nauza. Sijui hata moja inatoka kwa mama wa nani." Kisha akatoa pakiti mbili za mbegu mpya ya muda mfupi, akasema ni za kwako, bure, ila kampuni inataka mkulima ajaze fomu ndipo apewe. Naituma fomu pamoja na barua hii, kwa aibu. Ukitaka kuichana, ichane.

Sina utani leo.

Idrisa

*

Nambunda, Newala.
27 Aprili 2025

Mume wangu Idrisa,

Marahaba, mwanangu. Mama yako yupo hapa tangu Jumatatu, amekuja na unga na mchele kama nilivyomwagiza. Mihogo inatosha. Hatutakufa na njaa, usikonde.

Barua yako niliisoma nimekaa kizingitini, na nililia. Sitakuficha. Nililia kwa ajili ya mama yangu, aliyezifunga zile punje kwenye pindo la kanga yake akatembea nazo siku mbili kuja kunioza. Kisha nikavaa viatu nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa wale waliowahi kuja na vikapu. Kila mmoja alikuwa nayo zamani. Huyu aliiacha mwaka juzi alipopewa Jitu, yule watoto waliikaanga, mwingine alisema, "Nilijua kwako haiwezi kukosekana, Bi. Mwanne." Nyumba thelathini na moja. Wote tulikuwa tunategemea kwamba iko kwa mwenzetu.

Sikulaani. Wewe uliila kwa mdomo, mimi niliila kwa masikio na macho, na afadhali wewe ulishiba. Umeniambia ukweli ukiwa umechelewa, nami nilikuambia nikiwa nimechelewa, kwa hiyo tuko sawa na hakuna wa kumcheka mwenzake. Nimekasirika, lakini hasira hazina pa kwenda, zinazunguka humu ndani na mimi.

Fomu sikuichana. Nimeijaza kwa mkono wangu na kuinakili hapa chini, usije ukasema imepotelea Lindi. Mpelekee Bwana Vivek, na umwambie asante kwa kutokucheka.

FOMU YA MKULIMA MNUFAIKA

Jina kamili: Mwanne binti Hamisi.

Kiwango cha elimu: Najua kusoma vibao. Ndicho kilichoniponza.

Ukubwa wa shamba: Ekari tatu.

Chanzo cha maji: Mwenyezi Mungu, apendapo. Na bafu.

Zana: Jembe la mkono, moja.

Changamoto kuu katika kilimo chako: Wataalamu wawili. Mmoja ana pikipiki, mwingine namsamehe.

Je, uko tayari kupata mbegu mpya kutoka dukani kila msimu? Mwaka jana ningesema hapana.

Taja mbegu ya asili uliyo nayo ghalani kwa sasa: Sina.